Hapana za Zuweina

Zuweina binti Nabhan alisema hapana mara nne katika wiki moja, na mara zote nne kaka yake aliandika ndiyo. Aliandika kwa kalamu ya wino, kwenye daftari la jalada jeusi alilokuja nalo kutoka Londoni, na kila akimaliza alilifunga taratibu, kama daktari aliyekwisha kupima homa. Ilikuwa mwaka 1959, Mtambile, na jambo lenyewe lilikuwa posa ya Bwana Mbarouk, mkaguzi wa skuli, ambaye ndiye aliyekuwa akichagua walimu wakuu.

Thabit alikuwa na miezi mitano tangu kurudi. Serikali ilimpeleka kusomea ualimu, naye akarudi na ualimu na kitu kingine juu yake: elimu ya nafsi. Kwa maelezo yake, aliyoyatoa sebuleni kila baada ya chakula, nafsi ya mtu ni kama muhogo. Majani yako juu, kila mtu anayaona. Muhogo wenyewe umo udongoni, na hata mwenye shamba hajui umekwenda upande gani. Tunayoyasema ni majani tu. Tunayoyataka hasa tumeyafukia, kwa sababu mengine ni ya aibu, nayo hutafuta njia za wizi za kutokea: ndotoni, kwenye ulimi unaoteleza, kwenye maradhi ambayo daktari hayaoni chanzo chake.

Watu waliifurahia elimu hiyo. Jirani yao Jaribu alipovunja bakuli la kaure la mama mkwe wake, Thabit alimwambia halikumponyoka, alilitupa. Jaribu akacheka, kisha akafikiri, kisha akaacha kucheka. Mchezo ulikuwa mtamu mpaka ulipomfika Zuweina.

Bwana Mbarouk alikuwa amevuka hamsini, ana mke Wete na mke Chake Chake, na shingo yake ilinukia udi hata saa za kazi. Hakuna aliyemjua kwa ubaya. Lakini Zuweina alikuwa na miaka kumi na tisa, akifundisha darasa la kwanza, na nafasi yake katika chuo cha ualimu cha wanawake huko Unguja ilikuwa imeshatoka, Januari anaondoka. Bwana Mbarouk alikwisha kusema, kwa upole kabisa, kwamba mke wake hatasimama mbele ya ubao. Basi ilikuwa moja kati ya mawili, chuo au Bwana Mbarouk. Baba yao alikuwa amefariki, kwa hiyo walii, mwenye haki ya kumwozesha, alikuwa Thabit.

Hapana ya kwanza Zuweina aliisema kwa adabu, macho chini. Thabit akasema hiyo ni haya ya msichana. Ya pili aliisema kwa sauti iliyowatoa kuku uani.

"Umeona?" Thabit akasema, akifungua daftari. "Mtu hapigii kelele kitu kisichomgusa. Ukali wote huo ni wa nini, kama huko chini humtaki?"

"Huko chini wapi?"

"Chini. Mahali usipopaona weye."

"Mie sipaoni, weye unapaona?"

"Ndiyo kazi ya elimu."

Ya tatu alilia, na machozi yakaandikwa. Ya nne alicheka kwa kuchoka, na kicheko kikaandikwa. Hata ndoto yake hakuachiwa. Alikuwa amemsimulia mama yake faraghani, maana ndoto haisimuliwi ila kwa anayekupenda, kwamba ameota amebeba fenesi kichwani na hapati pa kulitua. Thabit aliyasikia hayo kutoka chumba cha pili. Fenesi, akasema, ni Bwana Mbarouk.

"Lahaula!" Zuweina akasema. "Nikilia namtaka, nikicheka namtaka, nikiota fenesi namtaka. Na nikinyamaza?"

"Ukinyamaza ndiyo sheria yenyewe," Thabit akajibu. "Kimya cha mwanamwali ni ridhaa. Hilo hata Shehe Mjaka atakwambia."

Hapo ndipo hasira ilipomkaa Zuweina kifuani, ikakataa kushuka. Alikuwa ameijua sheria ya kimya tangu utotoni: shehe anakuja mlangoni, anauliza, mwari anainamisha kichwa, kimya, na wanawake wanapiga vigelegele. Hakuwahi kuiona mbaya, kwa sababu siku zote palikuwa na neno moja la kuipinga. Sasa kaka yake, kipenzi chake, aliyemfundisha kusoma kwa kumwandikia herufi ukutani kwa mkaa, amekwenda ng'ambo kwa meli kulitafuta neno hilo moja na kulipokonya. Ni udhalimu gani huo? Mtu akuibie kuku utapiga yowe. Akikuibia yowe lenyewe, utafanya nini?

Aligeuka kwa mama yake, lakini Bi Radhiya hakuwa na sauti. Si kwa mafumbo wala kwa hofu. Sauti ilikuwa imemkauka kweli, kama ilivyomkauka kila harusi ikikaribia nyumbani. Ilimkauka alipoolewa binti wa kwanza, na alipoolewa wa pili, na alipoolewa mpwa wake wa Vitongoji. Mtambile nzima walilijua koo la Bi Radhiya. Wengine walisema ni vumbi la majamvi ya kupokelea wageni, wengine wakasema ana shetani wake asiyependa ngoma za harusi. Thabit, aliyeona mchumba ndani ya fenesi, alimtazama mama yake aliyekuwa akinong'ona na kushika shingo, akasema, "Koo tu hilo, mama. Kunywa tangawizi."

Siku ya Ijumaa, aliyoipanga Thabit kwa ndoa, baada ya sala ya alasiri, wanaume walijaa barazani na masufuria ya pilau yalikuwa yamekwisha kupakuliwa nusu. Asubuhi Zuweina alikuwa amemchemshia mama yake tangawizi, akamtilia asali, kisha akakaa kitini amevishwa, hina mikononi, bila ya kumbishia mtu. Wanawake wakanong'onezana kwamba ametulia. Thabit naye aliona ametulia, na bila shaka aliliandika hilo.

Shehe Mjaka alikuja mlangoni na mashahidi wawili, Jaribu na Mzee Abrahman, wakasimama nyuma ya pazia. Thabit akasimama nao.

"Mwanangu Zuweina binti Nabhan," shehe akasema, "umeridhia tukuozeshe kwa Mbarouk, na kaka yako Thabit awe walii wako?"

"Hapana," Zuweina akasema.

Shehe Mjaka alikuwa ameuliza suala hilo kwenye milango ya nusu ya kusini ya kisiwa, na hakuwahi kujibiwa. Alikohoa. Akauliza tena, polepole zaidi, akidhani binti amekosea.

"Hapana, Shehe. Sitaki mie."

"Shehe, asikutie wasiwasi," Thabit akasema haraka. "Hiyo ni hapana ya juu. Kuna elimu, nimeisoma. Anayekataa kwa nguvu, chini ya nafsi yake anataka, ila mwenyewe hajui."

Shehe akafikiri. Hakuwa mtu wa kejeli. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. "Kwa hiyo akisema hapana, ni ndiyo."

"Ndiyo."

"Na akinyamaza, ni ndiyo. Na akisema ndiyo?"

"Ni ndiyo, Shehe."

"Basi yuno binti aseme nini, tujue hataki?"

Thabit alifungua daftari, akapekua kurasa mbili tatu, akalifunga.

"Shehe, niruhusu na mie nimuulize suala moja walii wangu," Zuweina akasema. "Kaka, ualimu mkuu wa skuli yetu, anaoutoa Bwana Mbarouk, unautaka?"

"Sitaki!" Thabit akasema. "Nimesema mara ngapi? Sina haja nao!"

"Mara ngapi, kwani?"

"Kila siku nasema! Sitaki, wallahi sitaki, na usinivunjie heshima mbele ya watu!"

"Daftari unalo mkononi," Zuweina akasema. "Andika."

Upande wa pili wa pazia Jaribu akaguna, na Mzee Abrahman akaangalia dari. Shehe Mjaka alikunja karatasi yake. "Mie nakwenda kwa ninalolisikia," akasema. "Nimesikia hapana mbili. Ndoa hakuna." Akatoka kwenda kumwambia Bwana Mbarouk, ambaye, kwa haki yake, alikula pilau yake kwanza ndipo akaondoka.

Nyumba ilipopungua watu, Thabit aliingia chumbani, uso umemwiva. "Umeniaibisha," akamwambia dada yake. "Mbele ya Shehe! Ukoo mzima haujapata mwanamke aliyesema hapana mlangoni."

"Thabit."

Waligeuka wote wawili. Ilikuwa sauti ya Bi Radhiya, nzima, safi, sauti ambayo siku ya harusi hakuna mtoto wake aliyepata kuisikia.

"Siku yangu mie, shehe aliuliza mara tatu," Bi Radhiya akasema.

"Najua, mama. Ukanyamaza. Uliridhia."

"Nilitaka kusema hapana." Alijishika shingo, pale pale alipokuwa akijishika siku zote. "Nilikuwa nayo hapa. Nikafungua mdomo, haikutoka. Nikajaribu ya pili, haikutoka. Ya tatu nikasikia vigelegele."

Thabit alikuwa bado ameshika daftari lake. Alimtazama mama yake, kisha mikono yake mwenyewe, mikono ya mtoto aliyezaliwa mwaka mmoja baada ya vigelegele hivyo.

"Haya, mwanangu, weye uliyekwenda kusoma ya chini," Bi Radhiya akasema, bila ya ukali. "Koo langu lina nini?"

Zuweina alimngojea ajibu, hasira ikimpanda upya, hasira juu yake na juu ya Mtambile nzima: miaka thelathini na moja, harusi baada ya harusi, mwanamke anashika shingo mbele ya macho ya watu, na wote wanamletea tangawizi. Kisha akakiona kikombe dirishani. Kilikuwa kimejaa, kimepoa, na asali ilikuwa imetuama chini, asali aliyoitia yeye asubuhi ile kwa mkono wake.