Mwana wa Mfalme wa Kinlarroch

Isobel Geddes alikuwa amefundisha historia kwa muda mrefu mno kiasi cha kutoweza kuvumilia upuuzi, na alipostaafu akarudi Kinlarroch, kijiji chake cha milimani Scotland, upuuzi ukamfuata hadi kwenye ukumbi wa kanisa. Ulikuja na jina lake kamili: Bwana Crispin Hathersage.

Hathersage alitoka London. Alinunua nyumba kubwa kando ya mto, akajishonea suti ya sufu nzito ambayo hakuna mwenyeji aliyewahi kuivaa, kisha akaanzisha Chama cha Wasomaji wa Riwaya za Kale. Walisoma hadithi za ujasusi za kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, zile ambazo kila Mjerumani ana kovu shavuni na kila Mwingereza anajua kupanda mlima kwa viatu vya dansi. Isobel alijiunga kwa sababu alizipenda tangu utotoni. Aliyajua makosa yote yaliyomo na bado alizipenda.

Tabu ni kwamba hadithi hizo zimejaa maneno ambayo waandishi hawakuhangaika kuyaeleza, maana wasomaji wao waliyajua. Hathersage alijipa kazi ya kuyaeleza. Pale asipojua, alibuni, na kubuni kwake kulikuwa na sauti nzito kuliko kujua kwa watu wengine.

Kilichomkera Isobel zaidi ni sentensi moja ya riwaya iliyotungwa kuhusu bonde lao hilohilo. Shujaa, Kapteni Ruthven, anasema: “Jumanne nilimwangusha wa kifalme juu ya Glen Larroch.” Basi Hathersage akatangaza kwamba Ruthven alimuua kwa siri mwana wa mfalme wa Kijerumani, na kwamba mwandishi alikuwa anadokeza jambo lililotokea kweli. Akachangisha watu, akachongesha jiwe la ukumbusho likasimamishwa mlimani, akaalika wageni kuja kulizindua.

“Effie, wewe umezaliwa hapa,” Isobel alimwambia jirani yake, Effie Lorimer, katibu wa chama, walipokuwa wakipaka skonzi siagi asubuhi ya uzinduzi. “Wa kifalme ni nani?”

“Ndivyo wawindaji wamwitavyo kulungu dume mwenye pembe za ncha kumi na mbili. Nani asiyejua?”

“Mwenyekiti wako hajui.”

“Shoga, niache. Wageni wamejaa hoteli mpaka vyumba vya juu. Unataka nikawaambie wamekuja kumlilia mnyama?”

“Nataka mtu mmoja tu awe na haya.”

“Basi kazi kwako. Nipitishie jemu.”

Ukumbi ulifurika. Hathersage alizungumza mpaka chai ikapoa, akimsifu marehemu mwana wa mfalme kana kwamba walisoma darasa moja. Alipouliza kama kuna swali, Isobel alikuwa ameshasimama.

“Bwana Hathersage, umesoma ukurasa unaofuata?”

“Mara nyingi sana, Bi. Geddes.”

“Basi unajua kwamba baada ya kumwangusha, wanampasua tumbo palepale, wanamfunga juu ya farasi mdogo, wanamteremsha bondeni. Jioni wanakula ini lake na vitunguu. Mwana wa mfalme huyo, ini lake lilikuwa tamu?”

Kicheko kililipuka upande wa wenyeji. Mzee mmoja alipaliwa na chai. Isobel akahisi raha ambayo hakuwa ameionja tangu aache kusahihisha mitihani.

Hathersage wala hakubadilika rangi. Alivua miwani, akaifuta taratibu.

“Swali zuri. Mgeni katika fani hii lazima ajikwae hapo. Ini, Bi. Geddes, ni nyaraka za siri. Vitunguu ni ufunguo wa kuzisomea. Kila tabaka lina siri chini yake, unaona?”

Ukumbi ukapiga makofi. Si wageni tu: Effie naye alipiga makofi, macho yake yakiwa kwenye sahani ya skonzi.

Isobel alijitoa kwenye chama siku ileile, akamwambia Effie asimpigie hodi mpaka apone ujinga. Lakini hasira haikumwacha alale vizuri, na Jumapili akapanda mlimani aone jiwe kwa macho yake.

Alimkuta mama mmoja wa Kijerumani, mtu mzima, amepiga magoti kwenye matope, akipanga maua meupe. Visubi vya kuuma vilimzonga usoni na hakuvifukuza. Isobel hakuzungusha maneno.

“Samahani, mama. Hapa hakufa mwana wa mfalme yeyote. Wa kifalme ni kulungu tu. Umemletea maua kulungu.”

Yule mama aliinua uso. Alilitazama jiwe, akamtazama Isobel, kisha akatazama bonde lote lililokuwa likilowa manyunyu chini yao.

“Kulungu?”

“Kulungu. Walimla ini.”

“Naye si alikufa?” mama akauliza, akaendelea kupanga maua yake.

Maneno yote makali aliyokuwa nayo Isobel yalikuwa ya kumrushia Hathersage, hakuna hata moja lililomfaa mtu huyu. Mwishowe alichutama, akamshikia mwavuli wake mpaka amalize.