Wapinzani wa Mwalimu Lindomar

Ukitaka kumpandisha Dalvina mori, mwambie tu kwamba Mwalimu Lindomar alijijengea jina kwa kuwapiga watu wa ovyo. Jumamosi ile Juraci, mkufunzi wa chuo hasimu, alikuja kwenye ukumbi wa Lindomar pale Niterói, Brazili, kwa kazi hiyo hasa.

Kwenye jujitsu hakuna aliyebisha. Lindomar alikuwa gwiji wa kukaba, basi. Ubishi ulikuwa juu ya yale mapigano yake ya ulingoni, ya ngumi na mieleka pamoja, ambayo alishinda yote.

"Alimshinda nani?" Juraci aliropoka, amesimama pembeni ya mkeka wa mazoezi. "Mlevi, baunsa wa baa, na muoka mikate! Muoka mikate, jamani! Mchana yuko kwenye tanuri, jioni kavalishwa glavu."

"Chunga mdomo wako, mzee," Dalvina alisema. "Wewe ulipigana na nani? Na mkeo?"

Watu wakacheka, lakini Dalvina mwenyewe hakucheka. Yule muoka mikate aliitwa Anésio, na ndiye aliyemzaa. Alikabwa usiku ule mpaka akazimia, na bado hadi leo huwasimulia wateja wake pambano lile kana kwamba alilishinda. Ndiye aliyemleta binti yake kwa Lindomar, akampa mwalimu mkono kwa heshima zote. Jumapili, kesho yake ya ubishi huu, Dalvina angevuliwa mkanda wa kahawia na kufungwa mweusi, mkanda wa mabingwa, na baba yake alikwishanunua shati jipya la sherehe hiyo.

Lindomar akatoka ofisini, kifua mbele.

"Mwalimu, mwambie huyu," Dalvina akamsihi. "Mwambie yule muoka mikate alikuwa mwanamume."

Mwalimu akamtazama Juraci, si yeye.

"Wanaume walinikimbia, Juraci, na wewe mmojawapo. Waandaaji wakaniletea takataka. Ningefanyaje? Yule wa mikate alikuwa anatetemeka. Nilimkaba haraka asije akajikojolea."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Juraci ndiye aliyecheka kuliko wote, maana alikuwa amepata alichokifuata.

Dalvina alikwenda mlangoni, akavaa viatu vyake vya barabarani, akarudi akipita juu ya mkeka. Kicheko kikakatika. Pale hata mgeni wa serikali alivuliwa viatu.

"Viatu, Dalvina! Una wazimu?" Lindomar akafoka.

"Takataka yako inaitwa Anésio. Ni baba yangu. Ulimpa mkono hapa hapa."

Lindomar akafumba macho kidogo. Kama alikuwa amesahau au alijua fika, Dalvina hakutaka tena kujua.

"Binti, ule ni utani wa watu wazima. Omba radhi, ufute mkeka, kesho uvae mkanda wako."

Dalvina akaufungua ule wa kahawia, akaudondosha miguuni pa mwalimu, akatoka bila kuinama.

Alimkuta baba yake kwenye duka lake la mikate, shati jipya limetundikwa mbali na unga.

"Kesho saa ngapi, mwanangu? Mwalimu kasema lolote kuhusu mimi?"

Dalvina akashusha lile shati, akalikunja vibaya kwa hasira.

"Hatuendi, baba. Siku ile walikuletea mpinzani wa ovyo."