Kinanda cha Asifiwe

Nilipohamishiwa Sumbawanga, ndugu zangu wa Mbeya waliniaga kama mtu anayepelekwa jela. Kila mmoja alikuwa na kisa chake cha uchawi wa huko, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufika. Mimi ni karani wa masjala, naimba kwaya, nikawacheka. Lakini maneno yaliniingia, siwezi kudanganya.

Tulipanga mtaa wa Kizwite, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba. Mume wangu alikuwa bado kazini Mbeya, kwa hiyo nilibaki mimi na mwanangu Asifiwe. Jirani yetu alikuwa Mama Kabula, Msukuma wa umri wa mama yangu, aliyehamia na familia yake na ng'ombe wao. Asifiwe alipoanza kutambaa, mama huyo alileta njuga mbili ndogo za chuma akamfunga kwenye kifundo cha mguu. Kwao, alinieleza, mama akiwa analima husikiliza. Zikilia kwa mbali anajua mtoto ameondoka, zikinyamaza anakwenda kutazama. Asifiwe alizipenda mno. Alikuwa anapiga mguu sakafuni, anatega sikio, anacheka, anapiga tena.

Aliyenitia sumu ni Bertha, muuza nyanya wa pale barabarani. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama najua chuma kile kimetoka wapi, na mbona macho ya yule mama ni mekundu vile. Macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, nilimwona kila siku akipuliza moto. Nilijua, na bado niliogopa. Nilizikata njuga kwa mkasi nikazitupa chooni, kisha nikapanda bodaboda hadi madukani Mazwi kununua kinanda cha plastiki. Boksi lilisema kinakuza akili, masikio na vidole vya mtoto. Ukibonyeza kitufe cha bata, bata analia. Cha ng'ombe, ng'ombe analia. Cha nyota, unaimbwa wimbo mzima. Mama Kabula aliuona ule mguu mtupu. Nikashukuru kwamba hakuuliza.

Jumamosi moja mchana, mvua ilipokatika, nilikuwa uani nafua. Asifiwe nilimwacha sebuleni na kinanda chake, nikakisikia kikilia, bata, ng'ombe, bata tena. Nikajisifu moyoni. Kinanda kikilia mtoto yupo, na mimi ninafua kwa raha zangu. Nilimaliza beseni la kwanza nikaingia la pili.

Kilichonishtua ni kwamba wimbo ulifika mwisho. Asifiwe hakuwahi kuacha wimbo uishe, lazima agonge bata katikati. Ukaanza upya, ukaisha tena. Nikasimama na povu mikononi, nikaingia ndani.

Sebuleni kinanda kilikuwa kimelala kwenye mkeka, kitufe cha nyota kimekwama, taa zinawaka, kinaimba peke yake. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Asifiwe hakuwepo.

Ubavuni mwa nyumba, hatua kama arobaini, kulikuwa na shimo walimochimba udongo wa matofali, na mvua ya wiki nzima ilikuwa imelijaza. Mama yeyote angekimbilia huko. Mimi nilikimbilia kwa Mama Kabula. Mlango wake ulikuwa wazi, moto unawaka, mwenyewe hayupo, na hapo nikawa na uhakika. Nikatoka barabarani nikipiga kelele kwamba Kabula kamchukua mwanangu. Sikumwita mama. Nilisema Kabula.

Walikuja haraka kuliko nilivyotarajia. Bertha aliacha nyanya zake. Frank na wenzake wa bodaboda walizima pikipiki, na nikaona mmoja akiinama kuokota jiwe, kisha mwingine. Mtu akasema nyumba ile ichomwe. Nilisikia, sikukataza. Nilikuwa namtaka mwanangu, na kama ingebidi dunia nzima iungue ili apatikane, basi iungue.

Ndipo Mama Kabula alipotokea upande wa shimo. Alikuwa na tope mpaka kifuani, na Asifiwe mikononi, amemfunga kwa khanga yake mwenyewe. Mtoto alikuwa anakohoa na kulia. 

Aliwaona watu. Aliyaona mawe. Akasimama palepale.

"Mama Asifiwe, mtoto mzima," alisema. "Nilikuwa shambani nikamwona anatambaa kwenda shimoni. Nimemwita hakusikia. Amekunywa maji kidogo tu."

Nikanyoosha mikono nimpokee. Akarudi nyuma hatua moja, akamkumbatia zaidi. Kwa nukta moja nilirudiwa na ile hofu yangu ya kijinga, kisha nikaona macho yake hayanitazami mimi, yanatazama jiwe mkononi mwa Frank. Nikaelewa. Nikishamchukua mwanangu, atabaki mikono mitupu mbele yao.

"Waambie kwanza," alisema taratibu.

Niligeuka nikawaambia. Nilisema nimekosea, huyu mama kamtoa mwanangu majini, mimi ndiye niliyekosea. Sauti ilitoka kama ya mgonjwa. Wa mbele walinisikia wakaangusha mawe, lakini wa nyuma waliendelea kusogea, wakiulizana yuko wapi huyo Kabula. Nikasema tena. Ilibidi niseme mara tatu ndipo wasimame, na hata hiyo ya tatu haikufika mbali kama ile kelele ya kwanza niliyopiga nilipokuwa namtaja kwa ubaya.