Yilma Mwenye Sanduku

Alhamisi saa kumi alasiri Wubit alifika kwa Mama Tsehai, mwandishi mkongwe wa mtaa wa Gulele, na hadithi yake ya kwanza ya kurasa sita, akakuta viti vyote vimekaliwa. Wale wawili wa dirishani walikuwa mashahidi wa harusi iliyofutwa katika riwaya yake ya mwaka jana. Kila Mama Tsehai alipomkata mtu wa hadithini kwa kalamu, mtu huyo alihamia nyumbani kwake, maana hakuwa na kwingine pa kwenda. Miaka arobaini ya kuandika ilikuwa imemzoeza kununua buni kwa gunia.

Wubit akakaa juu ya gunia.

"Nimeirudia mara kumi na moja, Mama. Niliandika kaka alikwenda, nikabadilisha, aliondoka. Sasa nimeweka alisafiri. Si ndiyo tamu?"

Waandishi wachanga ndivyo walivyo, Mungu awape subira. Mama Tsehai aliisoma hadithi wakati kahawa ya kwanza ikinywewa, akaisoma tena kwenye ya pili.

"Unasugua vikombe, mwanangu, kahawa hujachemsha. Mimi nikirudia kazi najiuliza nimedanganya wapi. Kaka yako Yilma alisafiri kwenda wapi?"

"Nyumbani kwetu ndivyo tunavyosema, alisafiri."

"Sijauliza mnavyosema."

Wubit alichezea kiganjani bisi zilizoletwa na kahawa. Kisha akaeleza kwamba askari walibisha hodi wakimuulizia kaka yake, na yeye, mtoto wa miaka tisa, ndiye aliyewafungulia, wakaondoka naye. Mama yake hajui hadi leo nani alifungua.

"Mficha uchi hazai," alisema Mama Tsehai, akampa kalamu. "Kata mwenyewe."

Wubit alikata kurasa tano na nusu. Mlango ukagongwa, akaingia Yilma wa zile kurasa zilizokatwa, na sanduku la safari, koti limepigwa pasi, akaomba radhi kwa kuchelewa. Habari za askari hakuwa nazo. Mashahidi wakamsogezea nafasi.

Alhamisi iliyofuata Wubit alikuja na mama yake. Mama alikuwa ameisoma ile nusu ukurasa iliyobaki, ambayo sasa ilianza na maneno, "Nilifungua mlango mimi." Alimshika binti yake mkono tangu kituo cha basi na hakumwachia.

Akamtazama mwenye sanduku.

"Siye mwanangu," alisema. "Umekula lakini?"

"Bado, Mama."

Basi akamkatia mkate wa injera, akamchovyea mchuzi, akamlisha kwa mkono wake, tonge moja, na la pili. Alimpenda hivyo hivyo.

Ikaja kahawa ya tatu, ile iitwayo baraka.

"Na yule mwingine, kaka wa kweli, atakuja lini?" Wubit aliuliza.

"Hapa wanakuja waliofutwa kwa kalamu tu, mwanangu," alisema Mama Tsehai.

Mama yake alimimina kikombe kimoja zaidi, akakiweka kando kwa ajili ya mwanawe. Kisha akamgeukia Wubit, akasema kwa upole, "Nenda kafungue mlango."

Wubit akaenda, akaufungua. Wakakaa hivyo, wote, mlango ukiwa wazi, mpaka kile kikombe kikapoa.