Kisu Butu

Mafuriko yaliposukuma sungura pori hadi kwenye mwinuko wa nyumba zetu, jirani yangu Ondiek alinasa mmoja kwenye sukuma wiki zake akaniletea. Alijua hatujaonja nyama tangu maji yaingie huku kwetu Kano. Alimlaza juu ya jani la ndizi mlangoni na nilipomkaribisha chai akakataa.

Nilikuwa nimechoka. Kuni mbichi, moshi, matope hadi jikoni. Lakini Debra, mke wa mwanangu, alikuwa ananyonyesha, na mchuzi ungemfaa.

Nilichukua kisu changu. Nilikuwa nimekinoa jana yake, na bado kilikuwa butu kama mwiko. Siku hizo kilikuwa hivyo: nikikinoa mchana, kesho yake hakikati hata kitunguu. Nilidhani mikono yangu imezeeka, imesahau kunoa. Hilo liliniuma, kwa sababu nilipojikata kidole gumba, mwanangu Calvince, anayeshona viatu mtaani Obunga, alisema nikijikata tena atanichukua nikakae naye mjini, katika chumba chake kimoja. Mimi sitaki kuacha jiko langu.

Ngozi ya sungura ni nyembamba. Unaichana kuzunguka miguu ya nyuma, kisha unaivuta taratibu kama unamvua mtoto shati. Kisu kikiwa kikali, manyoya hayagusi nyama. Changu kiliirarua tu, manyoya yakajaa kila mahali. Ondiek, ambaye alikuwa bado anaosha matope miguuni, akaniambia, "Mama Calvince, huyo alishakufa. Mbona unamuua tena?"

Nilikandamiza kwa nguvu. Kisu kikateleza, kikaingia kiganjani.

Debra alipoona damu alikaa chini palepale, mtoto mgongoni, akaanza kulia. Nilimsihi asimwambie mumewe. Akasema kosa si langu. Kila jioni nikienda kuoga, alikuwa akiyasugua makali ya kisu changu kwenye jiwe la mlangoni mpaka yafe.

"Nilitaka kisikukate, Mama. Ukienda Obunga, mimi nitabaki na nani hapa?"

Sikuweza kumkasirikia. Nilifunga kiganja kwa kipande cha leso, nikamweleza kwamba kisu butu ndicho kinachomkata mwenyewe, kwa sababu unakilazimisha. Nikamleta kwenye jiwe la kunolea. Maji kidogo, kisu kilale karibu kabisa na jiwe, usikimbie, geuza upande. Alikijaribu kwenye nyanya. Ngozi ikapasuka bila kusukumwa.

Mimi nikashika miguu, yeye akachuna. Nilimwonyesha nyongo, akaitoa nzima bila kuipasua. Tukaosha nyama manyoya yakatoka, tukachemsha nyama polepole mpaka ikalainika, tukaunga kwa kitunguu na nyanya ileile. Ondiek tulimpa paja, na safari hii hakukataa.

Calvince alipiga simu tukiwa tunakula, nikaweka spika. Aliuliza habari za mikono yangu, na Debra akaacha kutafuna. Nilichoka kuficha. Nikamwambia nimejikata, na nikamwambia pia kwamba kuanzia leo kisu ni cha Debra, yeye ndiye atakayekinoa na kukata, mimi nitashika miguu na kukoroga sufuria.



"Basi kaa na jiko lako, Mama," akasema. "Mmenibakizia?"

Debra akachungulia ndani ya sufuria, akatikisa kichwa.