Mpima Mayai

Msimamizi aliweka bakuli mezani, akawasha taa ya darini. Mpima mayai, mama wa makamo aliyezoea kufanya kazi gizani, akainua kiganja kukinga macho.

"Tazama," msimamizi akasema. "Haya ni mayai uliyoyatupa jana. Nimepasua kumi na moja. Saba yalikuwa hai."

Ndani ya bakuli mlikuwa na vijusi vya vifaranga vya siku kumi, vilaini kama vidole vilivyolowa, na kila kichwa kilikuwa kama jicho tu. Mama akavitazama. Alijua kwamba hapo mtu hupaswa kusikia kitu moyoni: aibu, au huruma, au basi hata woga wa kupoteza kazi. Akangoja kidogo kama kuna kitakachokuja. Hakikuja.

"Nimeona," akasema.

Miaka kumi na minne alikuwa amekaa katika chumba kile cha kituo cha kutotolesha vifaranga. Kazi yenyewe haikuwa na maneno mengi. Yai linawekwa juu ya tundu la taa, ganda linawaka rangi ya chungwa. Likiwa na uhai, mishipa myekundu imetanda ndani kama utando wa buibui. Likiwa tupu, linang'aa tu. Lililokufa lina pete ya damu. Zamani alimaliza trei nzima kabla mwenzake wa meza ya pili hajamaliza kupiga miayo. Mkono ulijua kabla ya akili.

Sasa kila tundu lilikuwa na mayai mawili. Aligundua kwamba akifumba jicho moja, la pili linaondoka, akawa anafanya hivyo kutwa nzima. Mishipa nayo ilikuwa imepauka. Aliomba balbu ibadilishwe, ikabadilishwa. Akaomba tena, ikabadilishwa tena, na fundi umeme akanung'unika kwamba labda mama anataka aletewe jua.

Wenzake walimwita Gololi, kwa sababu macho yalikuwa yametoka nje, yamezungukwa na weupe pande zote. "Gololi, lete trei," naye analeta. Jina halimtoboi mtu.

"Mimi si daktari, mama," msimamizi akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Lakini mimi ndiye niliyekuajiri, na hukuwa na macho haya. Kesho nenda hospitali. Ukirudi na karatasi, tutajua la kufanya. Ukirudi mikono mitupu, sitakuwa na la kukutetea."

"Sawa."

Nyumbani, mumewe alikuwa amekaa mlangoni na kiatu cha mtu mapajani, misumari midogo imebanwa midomoni. Alikuwa fundi viatu, na sebule yao ilikuwa ndiyo karakana. Ilinuka gundi na sigara. Aliinua uso, akauinamisha mara moja, akatema misumari kiganjani.

"Umeanza tena."

"Nini?"

"Kunikazia macho. Miezi mitano sasa, mke wangu. Kama nina kosa niambie, nikuombe radhi yaishe. Mtu gani analala mchana macho nusu wazi, kama anamvizia mwizi?"

"Sina hasira."

"Basi uso wako haujapata habari hiyo."

Angeweza kumweleza habari ya mayai mawili, ya moyo unaokimbia hata akiwa ameketi, ya magauni yanayompwaya. Lakini maneno yalikuwa marefu, na kitanda kilikuwa karibu.

Daktari wa macho alikuwa msichana, umri wa binti yake kama angejaliwa binti. Alimwekea kwenye pembe za macho kifaa kama rula chenye vioo viwili, akasoma, akaandika. Akamwambia anyooshe mikono, akalaza karatasi juu ya vidole. Karatasi ikatetemeka kama jani.

"Unasikia joto wenzako wakisikia baridi?"

"Ndiyo."

"Umepungua, na chakula unakula?"

"Nakula."

"Mama, macho yako hayajakua. Yamesukumwa. Hapa shingoni kuna tezi, inatoa maji yake kupita kiasi. Kinga ya mwili imekosea njia: inaipiga tezi hiyo, na inapiga pia nyama iliyo nyuma ya macho. Nyama inavimba. Huku nyuma ni mfupa, hakuna pa kwenda. Kwa hiyo jicho linakuja mbele."

"Haya," mama akasema, kama mtu aliyeambiwa saa.

Daktari alichukua kalamu yenye kifuniko chekundu. "Funika jicho la kushoto. Rangi gani?"

"Nyekundu."

"Sasa la kulia. Bado ni nyekundu ile ile?"

Mama akatazama kwa muda. "Hii imefuliwa mara nyingi."

Daktari hakucheka. Aliweka kalamu chini, akaangaza tochi jicho moja, kisha jingine, kisha akarudia. Aliposema tena, alisema polepole. Mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo ulikuwa unabanwa. Jicho likiachwa hivi, lingezimika. Angelazwa leo hii, atiwe dripu ya dawa kali ya kupunguza uvimbe siku tatu mfululizo; vidonge vya kutuliza tezi angeanza pia. Dripu isiposaidia, wangempasua kupunguza mfupa, nyama ipate nafasi.

"Kumbe balbu zilikuwa nzima," mama akasema.

"Balbu gani?"

"Si kitu. Nilimsumbua fundi."

"Unavuta sigara?"

"Mimi, hapana. Mume wangu."

"Ndani?"

"Anafanyia kazi ndani."

Mumewe alifika siku ya pili, amevaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, kola imekunjika. Daktari alimweleza yote akiwa amesimama miguuni pa kitanda. Alimwambia moshi unayachochea macho yale. Alimwambia pia kwamba kope za juu zimevutwa, hazishuki. Hata mkewe akifurahi, ataonekana ameshtuka au amekasirika.

"Kwa hiyo hakuwa amenuna?"

"Sijui ya nyumbani kwenu, baba. Nasema kope."

Fundi viatu akakaa ukingoni mwa kitanda. Alimtazama mkewe kama mtu aliyesomewa barua iliyokaa mfukoni mwake miezi mitano.

"Kwa nini hukuniambia?"

Mkewe aliangalia matone ya dripu yakishuka. "Sikuwa na habari kwamba kuna la kuambiwa."

Siku ya nne kifuniko cha kalamu kilikuwa kimerudi karibu na wekundu wake. Daktari alifurahi, kwa niaba ya mama pia. Alisema upasuaji haungehitajika kwa sasa. Kwamba kuona kitu kimoja kama viwili kungeweza kubaki. Kwamba macho huenda yasirudi yalipokuwa, na ugonjwa ukitulia, pengine baada ya mwaka na ushei, wangezungumza upya. Akaandika karatasi.

Msimamizi aliisoma hadi chini. Alimpeleka kwenye chumba cha kuosha trei, ujira ule ule. Penye taa pakakaa mwanamke mwingine, mwepesi, aliyeuliza kila baada ya dakika mbili kama pete ya damu ni hii. Mama alikuwa akija, anafumba jicho moja, anatazama. "Ndiyo," anasema, na kurudi kwenye maji.

Jumapili alasiri alijilaza juu ya mito mitatu, kama alivyoagizwa. Mumewe alinawa mikono kwa sabuni mara mbili, ingawa gundi haikutoka kwenye kucha. Akakamua dawa ya mafuta, nyembamba kama uzi, ndani ya kope, akaishusha kope kwa kidole gumba, taratibu, kama anavyoshusha ngozi juu ya kalibu ya kiatu, akakata plasta na kuibandika, jicho lisibaki wazi usingizini. Kisha ya pili.

"Imefunga?"

"Imefunga."

"Inauma?"

Alitafuta jibu. "Mkono wako ni wa moto."

Mlangoni mtu akabisha. "Hodi! Fundi, viatu vyangu vipo?"

Kitanda hakikutikisika; mumewe hakuinuka. Mtu yule akabisha tena, akatikisa kitasa, akaita kwa jina la kazi, na katika giza la kope zake mama alisikia pumzi ya mumewe pale pale, karibu, na kidole gumba bado kimeshika ukingo wa plasta.