Nyasi za Nyuma ya Tangi

Kondoo wa Wangui waliharisha tangu mvua ilipoanza. Alikuwa nao watatu, nyuma ya vyumba vya kukodisha pale Kangemi, na walikula maganda ya sokoni na nyasi alizokata mtaa wa Muthangari, kwenye boma la Mzee Norman, nyuma ya tangi la maji, mahali zilipoota ndefu kuliko kwingine. Joash wa duka la dawa za mifugo akamuuzia hamira.

"Si ni ile ya mandazi?" Wangui akauliza.

"Ni ndugu yake. Changanya na pumba kila asubuhi. Tumbo litasaga hata kile kilikuwa kinapita tu hivyo."

Baada ya muda mavi yakawa magumu na ya duara, vile inafaa. Wangui akaweka sikio kwenye ubavu wa kushoto wa jike mkubwa, kusikiliza kama tumbo linageuka. Liligeuka. Halafu sauti ya msichana ikasema kutoka ndani, "Mwambie mama niko huku nyuma ya tangi."

Wangui akahamisha sikio kidogo. Sauti ikarudia maneno yale yale. Akamaliza kuwapa maji, kisha akaenda kumwita Mama Maurine, muuza sukuma wa jirani.

Maurine alikuwa msichana wa kazi kwa Mzee Norman. Mwaka uliopita mzee alisema ameondoka na begi lake bila kuaga, na tangu hapo mama yake alikuwa akimtafuta. Sasa mama akapiga magoti kwenye matope.

"Maurine?"

"Mama. Bado unakohoa?"

"Ni vumbi tu. Wewe umekula?"

"Huku hatuli, mama. Tunaliwa." Sauti ikacheka, kicheko chake cha siku zote.

"Nani alikuweka huko?"

"Mzee mwenyewe. Alinisukuma nikagonga kichwa. Akalia kidogo, halafu akachukua jembe."

Wakampeleka kondoo yule mjini, kwenye ofisi ya wapelelezi. Askari mmoja, Nthiwa, alitoka mpaka kando ya barabara, akavua kofia na kusikiliza vizuri. Mchuuzi aliyetandaza soksi hapo chini akaomba kondoo asizikanyage.

"Ninamsikia," Nthiwa akasema. "Na ninamwamini. Lakini taarifa ya kondoo nitaiandikaje? Nani atamuapisha?"

"Si mchimbe tu hapo," akasema Mama Maurine.

"Bila ruhusa ya mwenye boma? Ngoja nimuulize."

Akapiga simu pale pale. Mzee Norman akakataa kwa upole, akamshukuru kwa kuuliza. Nthiwa akawashauri wampe kondoo majani, kwa sababu alionekana ana njaa.

Kesho yake Wangui alipoenda Muthangari kukata nyasi hakufunguliwa geti. Mlinzi alimwambia mzee ameagiza mawe ya kabro ya kutandikwa chini, yafunike huko nyuma kote. Kondoo wakala maganda na pumba yenye hamira, na tumbo likageuka sawasawa, lakini Maurine akawa anasikika kwa mbali, kama mtu anayeita akiwa ng'ambo ya mto. Jioni mama yake alilazimika kuziba sikio la pili ndipo amsikie.

Asubuhi Mama Maurine akaenda Muthangari, akasimama getini mpaka mzee akatoka.

"Mzee wangu, nakuomba usiweke kabro. Kondoo wamezoea zile nyasi."

Mzee Norman akanyoosha kola yake kwa kiganja. Alikuwa na shati lisilopigwa pasi.

"Hii nyumba haina msichana," akasema. "Hawa wa siku hizi hawakai."

"Mimi nitakaa."

Mawe ya kabro yakarudishwa. Mama Maurine sasa analala kwenye kile chumba cha kando ya jikoni, kwenye kitanda cha Maurine. Anafua, anapika, na maji ya kusuuzia anayamwaga nyuma ya tangi ili nyasi zisikauke. Jumapili akipewa ruhusa, anakata nyasi gunia moja na kwenda nalo Kangemi. Wangui anachanganya pumba na hamira. Wanamngoja jike ale, alale, aanze kucheua, ndipo mama anaweka sikio.

"Kazi iko aje?" Maurine anauliza.

"Si mbaya. Anapenda chai ikiwa moto sana."

"Najua. Na usichelewe kurudi, mama. Akikasirika huwa anakuja kusimama mlangoni, hasemi kitu."

"Nimemwona," anasema mama, na anajifunga leso vizuri, anakunja gunia tupu, anarudi kazini.